Kusaka bakteria wa probiotiki kwa kipimo cha vinasaba: majibu yakigoma, tuanzie wapi?

Mtu anayepima mtindi, togwa au achari kwa njia ya vinasaba, akitafuta bakteria wa probiotiki, yaani vijidudu hai vyenye faida kwa afya, hukutana na matatizo ambayo kwenye karatasi huonekana kama ya mashine, ilhali mengi yao yamezaliwa kabla sampuli haijafika maabara: kwenye bakuli, kwenye dumu, au kwenye kisanduku cha barafu kilichopandishwa meli Mkoani, Pemba, asubuhi na kushushwa Malindi, Unguja, mchana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi wa maabara, wanafunzi na wajasiriamali wa vyakula wa Unguja na Pemba wanaopokea majibu ya kipimo hicho na kubaki wakijiuliza kama wayaamini. Kila sehemu inaanza na dalili kama inavyoonekana kwa macho, kisha inashuka kwenye sababu zake.

Kabla ya dalili yoyote, msomaji ajue ni njia gani kati ya mbili iliyotumika, kwa kuwa kosa la njia moja halijitokezi katika nyengine. Njia ya kwanza ni ya kuotesha: chakula huzimuliwa kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, hupakwa kwenye sahani yenye lishe ya bakteria iitwayo MRS (herufi za majina ya de Man, Rogosa na Sharpe, walioitangaza mwaka 1960), huwekwa kwa saa 48 hadi 72 katika nyuzi 30 au 37 ndani ya chombo kilichopunguzwa hewa, kisha koloni moja moja huchukuliwa na kutolewa DNA. Njia ya pili huruka uoteshaji, na DNA yote iliyomo ndani ya chakula hutolewa kwa mkupuo mmoja na kusomwa kwa pamoja. Ya kwanza inakuambia nani yuko hai na amekubali kuota katika sahani ile. Ya pili inakuambia nani alipita hapo, awe hai au awe maiti. Katika njia zote mbili kipande kinachosomwa zaidi ni jeni ya 16S rRNA, yenye urefu wa takriban jozi 1,500 za besi, ambayo kila bakteria anayo na ambayo hubadilika polepole kiasi cha kutumika kama alama ya ukoo. Kipande hicho huzidishwa kwanza kwa PCR, yaani mizunguko ya joto inayokinakili tena na tena kwa msaada wa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia), nukleotidi (herufi za kujengea DNA) na kimeng'enya cha Taq, kisha hutazamwa kwenye jeli, ambako DNA iliyozidishwa huonekana kama mstari.

Jeli haina mstari wowote

Angalia kwanza kidhibiti chanya, yaani ile tyubu yenye DNA inayojulikana. Ikiwa nayo ni giza, yaani haina mstari, sampuli haina hatia. Kosa liko kwenye vitendanishi au kwenye mashine, na hapa kwetu mshukiwa wa kwanza ni umeme. Praima na nukleotidi zinazoyeyuka na kuganda tena kila umeme unapokatika huharibika kimya kimya, na hazibadiliki rangi wala harufu zikakuonya. Zigawe katika tyubu ndogo za matumizi ya siku moja tangu siku ya kuzifungua. Chungulia pia kumbukumbu ya mashine ya PCR, kwa sababu baadhi ya mashine zikizimika katikati ya mizunguko 35 huendelea pale zilipoachia umeme unaporudi, na nyengine husimama kabisa huku kioo kikionyesha kwamba kazi imekwisha.

Ikiwa kidhibiti chanya kimetoa mstari safi na sampuli zako zote ni giza, zimebaki sababu mbili: ama DNA haikutoka ndani ya bakteria, ama imetoka ikiwa imefuatana na kitu kinachozuia kimeng'enya cha Taq kufanya kazi. Njia ya kuzitenganisha ni nyepesi. Zimua DNA yako mara kumi, na mara mia, kisha rudia PCR kwa hizo tatu pamoja. Mstari ukijitokeza kwenye iliyozimuliwa na kukosekana kwenye nzito, umemkamata mzuiaji. Ukikosekana kote, endelea kushuku kwamba ukuta wa bakteria haukuvunjika. Huu ndio mtihani ninaoanza nao kabla ya kufikiria jambo jengine lolote, na nimeona watu wakinunua kifurushi kipya cha vitendanishi, wakakisubiri wiki kadhaa kutoka ng'ambo, ilhali tone la maji safi lingewapa jibu siku ile ile.

Wazuiaji hutofautiana kwa chakula. Katika mtindi ni mafuta, kaseini (protini ya maziwa) na hasa kalsiamu, ambayo hugombania nafasi ya magnesiamu ambayo Taq haiwezi kufanya kazi bila yake. Dawa yake ni kuanza kwa kuchanganya mtindi na maji ya sodiamu sitrati ya asilimia 2, ambayo huyayusha mabonge ya kaseini, kisha kuzungusha kwenye sentrifuji, kukwangua utando wa mafuta unaokaa juu, kumwaga maji ya katikati, na kuosha mara mbili ile tope iliyobaki chini. Mtindi unaovutika kama ute wa bamia unahitaji subira zaidi, kwani ute huo ni sukari ndefu zinazotengenezwa na bakteria wenyewe, na husafiri pamoja na DNA hadi mwisho wa safari. Katika achari mambo ni mengine: ganda la embe na viungo vina polifenoli, na sampuli yenye manjano nyingi huacha rangi hadi hatua za mwisho. Ikiwa maji ya mwisho, ambayo yanatakiwa yawe meupe kama ya kunywa, bado yana rangi ya chai hafifu, yapitishe tena kwenye safu ya kusafishia, au tia albumini ya ng'ombe kidogo ndani ya mchanganyiko wa PCR ili iwashike wazuiaji badala ya kimeng'enya.

Kipimo cha mwanga kinasaidia, ila kisomwe kwa makini. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa katika nanomita 260 kwa ule wa 280 ukiwa kati ya 1.8 na 2.0 unaonyesha kwamba protini si nyingi, lakini watu wengi wanaishia hapo na kusahau uwiano wa pili, wa 260 kwa 230, ambao kwa DNA safi hukaribia 2. Nimeona DNA za achari zenye uwiano wa kwanza mzuri kabisa na wa pili chini ya 1, na hizo ndizo zilizogoma.

Kuhusu ukuta: bakteria wa asidi laktiki wana ukuta mnene, na kifurushi kilichotengenezwa kwa ajili ya damu hakiwezi kuuvunja. Wawekwe kwanza katika laisozaimu, kimeng'enya cha kukatia ukuta huo, kwa nyuzi 37 muda wa saa moja, na ikiwezekana mutanolisini pia, au watikiswe pamoja na shanga ndogo za kioo. Jicho linatosha kukuambia kama imefaulu. Baada ya laisozaimu na kutia sabuni ya kuvunjia, kilichokuwa kama maji ya wanga hubadilika kikawa karibu angavu, na kinakuwa kizito kidogo, kikivutwa na ncha ya pipeti kinaacha uzi. Ukiona tope jeupe lile lile limetulia chini ya tyubu kama mwanzo, usiendelee mbele. Hakuna hatua ya baadaye itakayoliokoa.

Kidhibiti hasi kina mstari

Kidhibiti hasi ni tyubu isiyotiwa DNA yoyote, kwa hiyo inatakiwa iwe giza. Ikitoa mstari, majibu yote ya siku hiyo hutupwa, hata yale yanayopendeza. Praima za 16S humshika karibu kila bakteria, kwa hiyo uchafu wowote huonekana, ukiwamo ule uliomo ndani ya kimeng'enya chenyewe, kwa kuwa kimeng'enya cha Taq hutengenezwa kwa kutumia E. coli na mabaki ya DNA yake huweza kusalia. Mstari hafifu unaotokea baada ya mzunguko wa 35 na kupotea ukiishia 28 mara nyingi ni wa aina hiyo. Mstari mnene ni habari nyengine: DNA iliyokwisha kuzidishwa imerudi kwenye meza ya kuchanganyia. Meza ya kuchanganyia na meza ya jeli zisiwe chumba kimoja, na pipeti zisihame. Na hili ni la visiwani hasa: zima feni. Katika miezi ya kaskazi hakuna anayetaka kufanya kazi bila upepo, lakini feni ya dari juu ya tyubu zilizo wazi husambaza kila kitu kila mahali.

Mstari ni mmoja na safi, lakini herufi ni fujo

Jeli inapendeza, sampuli imepelekwa kusomwa, na faili linaloletwa lina vilele viwili viwili vinavyopandana katika kila nafasi, ambapo kilikuwa kiwepo kimoja kwa kila herufi ya DNA. Kabla ya kulaumu maabara iliyosoma, jua kwamba herufi 30 hadi 50 za mwanzo huwa mbovu daima, na kwamba usomaji mmoja wa kawaida hauvuki herufi 700 hadi 900 za kuaminika. Kipande cha jozi 1,500 lazima kisomwe kutoka ncha zote mbili. Vilele vikipandana tangu herufi ya 60 hadi mwisho, mara nyingi ulichokuwa nacho si koloni la bakteria mmoja.

Rudi kwenye sahani. Bakteria wa chakula kilichochacha hupenda kukaa pamoja, na koloni linaloonekana la duara zuri linaweza kuwa na wawili waliobebana. Lipake upya kwenye sahani mpya mara tatu mfululizo, kila mara ukichukua koloni lililojitenga, ndipo utoe DNA. Tia tone la haidrojeni peroksaidi juu ya sehemu ya koloni: bakteria wa asidi laktiki kwa kawaida hawatoi povu, kwa hiyo povu likichemka hapo hapo, una mgeni. Kisha weka kidogo chini ya hadubini. Ukiona mayai makubwa yanayochipuka vitoto ubavuni, kila moja mara tano au kumi zaidi ya vijiti vilivyo pembeni yake, hiyo ni hamira, na sahani ya MRS haina kinga dhidi yake isipotiwa dawa ya kuzuia fangasi kama natamaisini.

Hamira yenyewe haitajwi katika kipimo cha 16S, kwa sababu si bakteria, kwa hiyo si yeye anayepandanisha vilele, ila anakuonyesha kwamba koloni si safi. Hili huwashangaza wanaopima tembo la mnazi, ambalo wengi wetu hatulinywi lakini ndilo lililokuwa likiumua mikate ya bibi zetu kabla ya hamira ya pakiti kuenea. Ripoti huja na Leuconostoc, Zymomonas na bakteria wa asidi ya siki, na Saccharomyces hatajwi popote, ilhali povu lililoinua kifuniko ni kazi yake kwa sehemu kubwa. Kwa hamira, omba isomwe alama ya ukoo ya fangasi: kipande cha ITS au cha D1/D2 cha jeni ya 26S.

Jibu limekuja na majina matatu

Hii ndiyo dalili inayoulizwa zaidi, na pia ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka. Umepeleka mpangilio wa herufi kwenye GenBank, hazina ya vinasaba ya mtandaoni, na juu ya orodha kuna Lactiplantibacillus plantarum, Lactiplantibacillus pentosus na Lactiplantibacillus paraplantarum, wote kwa asilimia 99 na zaidi. Mtu mwenye haraka huandika la kwanza, kwa kuwa liko juu, na kwa kuwa plantarum ni jina linalouza. Kupangwa juu kati ya waliofungana hakuna maana yoyote. Kunaweza kutokana tu na jina ambalo limewekwa mara nyingi zaidi katika hazina.

Sababu ni kwamba 16S ya watatu hawa inafanana kwa zaidi ya asilimia 99, wakati mpaka unaotumiwa na wengi kutenganisha spishi ni karibu asilimia 98.7. Kipimo chenyewe hakina uwezo wa kuwatenganisha, hata kikifanywa vizuri kiasi gani. Kwa kundi hili tumia jeni ya recA, ambayo kwa PCR moja yenye praima za watatu hao hutoa vipande vya urefu tofauti: jozi 318 kwa plantarum, 218 kwa pentosus na 107 kwa paraplantarum, na tofauti hiyo inasomeka kwenye jeli ya kawaida bila kupeleka chochote nje ya kisiwa. Kwa kundi la casei, paracasei na rhamnosus, jeni ya tuf ndiyo hutumika. Kwa makundi mengine, pheS na rpoA hutoa jibu mara nyingi.

Kuna mkanganyiko wa pili unaofanana na huu lakini chanzo chake ni tofauti kabisa. Mwaka 2020 jenasi ya Lactobacillus iligawanywa kuwa jenasi 25, na majina tuliyoyazoea yakahama. Lactobacillus fermentum sasa ni Limosilactobacillus fermentum. Brevis amekuwa Levilactobacillus. Rhamnosus na casei ni Lacticaseibacillus. Acidophilus, delbrueckii na helveticus wamebaki walipokuwa. Ukiona ripoti mbili za mtindi ule ule, moja ya mwaka 2018 na nyengine ya mwaka huu, zikiwa na majina tofauti, usiseme chachu ya nyumba hiyo imebadilika kabla hujaangalia kama ni bakteria yule yule aliyepewa jina jipya. Kwa hawa tuliowataja herufi ya mwanzo bado ni L, na hilo halikuwa bahati: walioyapanga majina walitaka vifupisho vya zamani viendelee kusomeka.

Wale waliotumia njia ya pili, ya kusoma DNA yote kwa pamoja, wasitarajie jina la spishi hata kidogo ikiwa kilichosomwa ni eneo la V4 la jeni ya 16S peke yake, lenye herufi 250 na kidogo. Herufi hizo zinatosha kufika kwenye jenasi. Ripoti ya aina hiyo inayotaja spishi kwa uhakika imekopa jina mahali.

Jibu linataja mgeni asiyetarajiwa

Mara moja nilichukua mtindi katika kijiji kimoja cha Micheweni. Mwenye nyumba alikuwa mtu mzima, akautoa kwenye bakuli la udongo lililofunikwa kawa, akaniambia, "Mwanangu, maziwa haya hayajamuumiza mtu tangu enzi za mama yangu." Niliyamimina kwenye tyubu, nikayaweka kwenye kisanduku cha barafu, na safari ikachelewa. Barafu ilikwisha kabla ya Unguja. Majibu ya maabara yalikuja yakiwa yamejaa Klebsiella na Enterobacter, bakteria wa jamii ya utumboni, na laktobasili walikuwa wachache. Ningeweza kuandika kwamba mtindi wa bibi yule ni mchafu, na ingekuwa dhulma.

Kosa lilikuwa langu, na halikuwa la barafu peke yake. Nilipofika asubuhi maziwa yalikuwa hayajakaza sawasawa; nilikuwa na karatasi ya kupimia asidi mfukoni na sikuitumia. Mtindi uliokwisha kuiva, wenye pH chini ya 4.5, huwazuia wenyewe bakteria wa utumbo, lakini maziwa ambayo bado yako kwenye 5.5 au 6 yakikaa saa kadhaa katika nyuzi 30 ni mahali pao pa kuzaliana. Nilichopima hakikuwa chachu ya bakuli lile bali chachu ya safari. Nilirudi baadaye, nikasubiri hadi maziwa yakakaza na karatasi ikaonyesha 4.3, nikagawa sampuli mafungu mawili: fungu moja nikalitia katika ethanoli pale pale ili DNA isibadilike, na jengine nikalipaka kwenye sahani siku ile ile Chake Chake kabla ya kuvuka. Wale wageni walikuwa wameshuka hadi kuwa wachache sana. Tangu hapo, pH ya wakati wa kuchukua na saa ya kuchukua huandikwa kwenye kila tyubu, na sampuli isiyo na vyote viwili siipokei.

Si kila mgeni ni wa safari. Togwa ya mtama na achari ya embe zikisomwa moja kwa moja huleta mara nyingi kundi kubwa la "sainobakteria", na msomaji hushtuka. Hao si bakteria wa chakula. Ni kloroplasti za mmea wenyewe, ambazo asili yake ni sainobakteria wa kale na bado zina jeni ya 16S inayoitikia praima zile zile. Mitokondria nazo hufanya hivyo. Ziondoe kwenye hesabu kabla ya kupiga asilimia, la sivyo laktobasili wataonekana wachache kuliko walivyo. Kuna pia mgeni anayevaa nguo za mwenyeji: ripoti ya mtindi inayosema Streptococcus tu, na mwandishi akamalizia mwenyewe kuwa ni S. thermophilus, kwa kuwa huyo ndiye wa yoghati. Katika maziwa ya ngamia yaliyochacha ya Kenya na Somalia watafiti wamemkuta kwa wingi Streptococcus infantarius, ambaye ni wa kundi la S. bovis, na usalama wake bado unajadiliwa. Wote wawili ni streptokoki wanaochachusha maziwa na wote hupatikana kwenye nyuzi za joto letu. Jina lisiandikwe mpaka jeni nyengine isomwe.

Achari haioti chochote

Muulize mwenye kuitengeneza. Achari iliyotiwa siki tangu mwanzo haikuchacha, imehifadhiwa tu, na hakuna wa kumtafuta. Ndimu au embe zilizokaa na chumvi siku nyingi juani ndizo zenye nafasi ya kuwa na bakteria, nazo pia ikiwa chumvi haikuzidi na mafuta ya moto hayakumwagwa juu yake. Sehemu hii imeondoa maombi ya vipimo mengi kuliko nyengine zote.

DNA ni tele, lakini sahani ni tupu

Hili si kosa la kipimo. DNA hudumu baada ya bakteria kufa, na chakula kilichopita motoni kinaweza kuwa na vinasaba vya laktobasili wote wa rojo lake bila kuwa na hata mmoja aliye hai. Vitumbua na mkate wa kumimina ni mfano wa kila asubuhi: rojo la mchele lililolala usiku kucha lina uhai mwingi, na kitumbua kilichotoka kwenye mafuta hakina. Wapo wanaotaka kuandika "probiotiki" kwenye pakiti ya unga wa togwa uliokaushwa na kupikwa, wakiwa na ripoti halali ya vinasaba mkononi. Ripoti ni ya kweli, neno ndilo si la kweli, kwani maana iliyokubaliwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, mwaka 2001 inaanza na sharti la vijidudu kuwa hai, na wawe katika idadi ya kutosha.

Ukitaka kipimo cha vinasaba kitenganishe walio hai, kuna rangi iitwayo PMA. Hutiwa kwenye sampuli kabla ya kutoa DNA, hupenya kwa bakteria ambao utando wao umepasuka, na inapomulikwa taa kali hujifunga kwenye DNA yao kiasi kwamba PCR haiwezi kuisoma. Katika mtindi mzito wenye mafuta mwanga haupenyi vizuri, kwa hiyo osha kwanza. Lakini kwa mjasiriamali wa kawaida sahani ni rahisi zaidi na ndiyo inayotambulika kwenye viwango: kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya vyakula) cha maziwa yaliyochachuliwa, namba 243 cha mwaka 2003, kinataka bakteria wa kuchachushia wasipungue milioni 10 kwa gramu, na bakteria wa ziada aliyetajwa kwenye lebo asipungue milioni 1 kwa gramu, hadi mwisho wa muda wa matumizi. Hesabu hiyo haitoki kwenye DNA. Na ikiwa sahani ni tupu kwa chakula ambacho hakijapikwa, jaribu nyuzi 30 badala ya 37, jaribu lishe ya M17 kwa ajili ya laktokoki, na hakikisha chombo cha kupunguza hewa kimefungwa sawasawa, kabla ya kutamka kwamba wamekufa.

Spishi imepatikana, probiotiki haijulikani

Mpaka hapa kila kitu kimekwenda sawa: kidhibiti hasi ni kitupu, herufi ni safi, recA imetoa jozi 318. Mteja anauliza kama sasa anaweza kuandika kwenye kopo kwamba mtindi wake una probiotiki. Hawezi bado, na fundi asiyemwambia hivyo anamwachia matatizo ya baadaye.

Probiotiki hutambuliwa kwa kiwango cha straini, yaani ukoo mmoja mahususi ndani ya spishi, si cha spishi nzima. Lacticaseibacillus rhamnosus GG ana ushahidi wake mwenyewe, uliotokana na tafiti zilizofanywa kwa watu kwa kutumia straini hiyo. Rhamnosus mwengine aliyetoka kwenye bakuli la Konde ni binamu yake, na ushahidi haurithiwi na mabinamu. Ili kumtambua huyo wa Konde kama straini, jenomu yake nzima, yaani DNA yake yote, lazima isomwe. Ikifananishwa na ya spishi inayojulikana ikapata wastani wa kufanana wa asilimia 95 au 96 na zaidi, spishi imethibitika, na tofauti za herufi chache chache ndizo zitakazompa utambulisho wake.

Jenomu nzima ina faida nyengine ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko jina: inaonyesha jeni za ukinzani dhidi ya dawa. Hapa pia majibu huwatisha watu bure, au huwatuliza bure. Plantarum na rhamnosus kwa maumbile yao hawaguswi na vankomaisini, na ukinzani huo uko ndani ya kromosomu wala hauhami kwenda kwa bakteria mwengine. Ripoti inayoonyesha hivyo si sababu ya kumtupa. Enterococcus faecium mwenye vanA, jeni ya ukinzani dhidi ya vankomaisini, kwenye plasmidi (kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu) ni jambo la aina nyengine kabisa, kwani jeni hiyo huhama, na chachu yenye mgeni huyo haifai kusambazwa hata kama mtindi wake ni mtamu na unakaza vizuri. Katika ripoti ninazoandika, kwa sababu hiyo, mstari wa mwisho husomeka hivi: "Lactiplantibacillus plantarum, ametambuliwa kwa 16S na recA, hai, milioni 80 kwa gramu siku ya kupima, straini haijabainishwa, neno probiotiki halijathibitishwa." Wateja hawaupendi mstari huo, lakini hakuna aliyerudi akiwa na shida kwa sababu yake.

Koloni limekufa wakati linahitajika tena

Mwaka mmoja baada ya ripoti, mtu anataka jenomu isomwe, na koloni lililopimwa halipo tena. Kurudi kijijini kuchukua mtindi mwengine hakusaidii, kwa kuwa chachu ya nyumbani hubadilika na mvua, na ng'ombe, na bakuli. Siku ile ile unayotoa DNA, weka bakteria katika gliseroli ya asilimia 20 na umgandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Fanya tyubu mbili kwa kila koloni, na usiziweke jokofu moja wala jengo moja. Anayekumbuka giza la Unguja lililoanza Desemba 2009 na kuendelea hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipopata hitilafu, hatauliza kwa nini. Tyubu ya pili iwe kwenye jengo lenye jenereta yake, na jina la anayeshika ufunguo liandikwe kwenye daftari la sampuli pamoja na namba ya koloni.